Nia Yangu na Mkono wa Atakayerithi

Swali linalonishughulisha ni hili: mtu akinunua silaha kwa nia safi, akaitengeneza mpaka ikarudi kufanya kazi, na nchi yenyewe ina fitina, yaani watu wake wanapigana wao kwa wao, je, nia yake yamtosha mbele ya Mungu? Mimi ni fundi wa mashua, mtu wa Kudhaa, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Somalia. Swali hili limenijia kwa bunduki kuukuu ya marisau, ya mitutu miwili, niliyoinunua Kismayo kwa mzee mmoja aliyekuwa akifukuzia ngiri shambani kwake, upande wa bara.

Ilikuwa mbovu. Kitako kimepasuka pale kinapokutana na chuma, nyundo moja haivutiki, na mitutu imeliwa na hewa ya chumvi. Nilianza na kitako, kwa kuwa mbao ndiyo ninayoielewa. Ufa niliusafisha kwa ncha ya kisu mpaka mafuta ya zamani yakaisha, maana gundi haishiki penye mafuta. Nikatia gundi, nikaufunga kwa kamba, na ulipokauka nikapiga msasa na kupaka mafuta ya kitani kwa kiganja, kidogo kidogo. Kutu niliilowesha kwa mafuta ya taa, nikaisugua polepole. Chuma kiliposafika, pakatokea mistari iliyopindana mtutu mzima, kama ukili uliosukwa. Ndivyo walivyofanya mafundi wa Ulaya katika karne ya 19: walisokota pamoja vipande vyembamba vya chuma na feleji, wakavizungushia fimbo na kuvifua motoni mpaka vikashikana. Chini ya mitutu pana alama za nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1813. Huko mtutu hujaribiwa kwa shindo kubwa kuliko la kawaida kabla bunduki haijauzwa. Kismayo ilikuwa mikononi mwa Waingereza hadi 1925 walipoikabidhi Italia, kwa hiyo bunduki ya Birmingham kuonekana huku si ajabu.

Uzuri wake haukunifumba macho. Mitutu ya kusokotwa ilitengenezwa enzi ya baruti nyeusi, na risasi za leo zina shindo ambalo mitutu hiyo haikuandaliwa kulihimili. Tena ganda la risasi la milimita 70 huingia bila taabu katika nafasi iliyochongwa kwa ganda la 65, lakini likifyatuliwa mdomo wake hukosa pa kufungukia, na shindo linazidi. Mtutu ukipasuka, mkono wa kushoto wa mfyatuaji ndio unaokwenda. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Hapo hukumu ni nyepesi.

Penye uzito ni pengine. Sheikh wetu, niliyemwonyesha kazi ile, aliniambia nisijitese: Imam Bukhari ameifungua Sahihi yake kwa hadithi ya nia, na mimi nia yangu ni ufundi. Nikamwambia, “Sheikh, Bukhari huyohuyo, katika kitabu cha biashara, ana mlango wa kuuza silaha wakati wa fitina, na ametaja kuwa sahaba Imran bin Husayn aliuchukia uuzaji huo.” Na katika Minhaj, kitabu cha fiqhi cha Imam Nawawi, kinachosomeshwa pwani yetu yote, kumuuzia zabibu mbichi mtengeneza pombe kumehesabiwa miongoni mwa biashara zilizokatazwa. Muuza zabibu hakukusudia kumlewesha mtu. Wanazuoni hawakutosheka na moyo wake. Walitazama na kule zabibu ziendako.

Nia yangu iko kifuani mwangu na nitazikwa nayo. Bunduki itabaki, tena imeshatengenezwa, na atakayeirithi hatarithi nia yangu.

Watu wa visiwa hatuhitaji kuelezwa silaha ziendako. Dola ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, Wabajuni wengi waliacha nyumba, minazi na vyombo vyao, wakakimbilia Mombasa. Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo vya silaha juu ya Somalia mwaka 1992, ukaviondoa 2023, na muda wote huo bunduki hazikukosekana. Novemba 2014 vita vilifika Kudhaa kwenyewe, Al-Shabaab walipokivamia kisiwa. Wako ndugu zangu wanaosema tulifukuzwa kwa sababu hatukuwa na silaha. Neno hilo nalisikia na linaniuma, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Lakini waliokuwa nazo tumeona walivyomalizana, na watoto wao wakawa wakimbizi pamoja na wetu.

Namkumbuka sahaba Muhammad bin Maslama, shujaa wa vita vya Badri, ambaye Waislamu walipoingia katika fitina aliuvunja upanga wake, akachukua wa mti. Kwa hiyo zile pini mbili za chuma, ambazo nyundo huzipiga ili zigonge fataki, nilizitoa nikazikata kwa msumeno. Sheikh hakupendezwa. Alinikumbusha kuwa kupoteza mali kumekatazwa, na hoja yake si ndogo. Jibu langu ni kwamba mali yote ipo: mbao ipo, chuma kilichosokotwa kipo, kazi ya mikono ya mafundi wale ipo na sasa inaonekana. Nimekata kile tu kinachoua. Na katika mlango uleule wa Bukhari yumo Abu Qatada, aliyeuza deraya yake baada ya vita vya Hunayn, akanunua bustani. Silaha kugeuka shamba, hilo nalitamani. Ila aliuza vita vilipokwisha, na huku kwetu bado.

Mwenye haki ya kunilaumu ni mzee aliyeniuzia. Ngiri hawajui fitina, wanakuja usiku wakifukua mihogo yake, na nilipomwambia nilichokifanya alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza, “Na mimi, fundi, nile nini?” Hilo si swali la kujibiwa kwa kitabu. Nimemwahidi miiba ya kuzungushia shamba zima na zamu yangu ya kukesha, pamoja na vijana wa karakana yangu, mpaka mihogo ing’olewe. Ua wa upande wa pwani tumeshaufunga. Umebaki upande wa msituni, ambako ndiko wanakotokea.