Je, Ni Halali Kutetea Usiyoyaamini?

Siku ya Jumamosi, hapa Naviundu, huwa tunawapigisha wanafunzi wetu kura. Kila mmoja hufungua kikaratasi chake, akasimama na kutetea upande uliomwangukia, dakika mbili tu, pasipo kujitayarisha. Juzi mvulana mmoja aliangukiwa na neno hili: mwizi akikamatwa usiku, watu wa mtaa wampige. Akasema polisi wako mbali. Mjane ameibiwa mashini yake ya kushona, naye atalipwa na nani? Wenzake wakampigia makofi mengi. Sisi tukaogopa.

Mzazi mmoja akatuuliza: Je, huku si kuwafundisha watoto uongo? Tusilidharau swali hilo, wasomaji wapenzi. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipofundisha Paris katika karne ya 13, wakati wa Majilio na wa Kwaresima alikubali kuulizwa jambo lolote na mtu yeyote. Na katika Summa yake hoja za kupinga ndizo zinazotangulia. (Hata Roma, hadi matengenezo ya 1983, palikuwa na mtu wa kumpinga kila aliyetajwa kuwa mtakatifu!) Hapo hakuna anayedanganywa, maana wote wanaijua kazi ya msemaji.

Tunachoogopa sisi ni makofi. Mtu akishangiliwa, huanza kuyaamini maneno yake mwenyewe. Basi tulimsimamisha tena mvulana yule, amtetee mwizi. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Na kama si yeye aliyeiba?” Akaketi kabla ya dakika zake kwisha. Jumamosi ijayo tutaanzia hapo.