Kicheko, Mavazi na Maadili: Tashtiti Katika Mipaka Yake

Swali tunalolishughulikia hapa ni la kimaadili kabla ya kuwa la kifani: je, mtunzi ana haki gani ya kulicheka vazi la mtu mwingine?

Tashtiti ya mitindo ya mavazi haina kwao. Mnamo 1960 Caterina Valente na nduguye Silvio Francesco, wakijiita Club Honolulu, walivuma Ujerumani Magharibi kwa wimbo wa mzaha kuhusu bikini. La kuzingatiwa ni mwelekeo wa kicheko: anayechekwa zaidi si msichana aliyeivaa, bali bibi mtanashati anayezimia kwa kuiona.

Katika Song of Lawino (1966) kicheko kinaelekea kwingine. Okot p'Bitek anampa Lawino ulimi mkali wa kumkejeli Clementine na midomo yake iliyopakwa rangi. Ni kweli kwamba kejeli hiyo inatetea utamaduni. Hata hivyo, Ocol alipewa utenzi wake wa kujibu mwaka 1970, ilhali Clementine hakupewa hata mmoja. Anachekwa, hajibu.

Tunadai kwamba hapo ndipo penye mzizi wa tatizo. Utani katika jamii zetu ni wa pande mbili: mtani naye hutaniwa. Kejeli isiyojibika huazimwa kwa urahisi na mwenye fimbo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya vimini, wigi na suruali za kubana; mwaka 1972 Idi Amin akapiga marufuku vimini nchini Uganda. Tuchukulie mwanamke wa Chakol aliyevuka mpaka wakati huo, Malaba au Busia, kuwazuru jamaa zake Waiteso. Sketi iliyozua mzaha tu nyumbani kwake ingeweza kumtia mikononi mwa polisi hatua chache mbele. Wala upande wa Kenya si salama: Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi kupinga wenzao kuvuliwa nguo hadharani.

Huenda tukapingwa kwamba mshairi hatungi sheria. Ni kweli. Lakini hadhira iliyozoea kumcheka asiyejibu haishtuki anapovuliwa nguo.

Hivyo basi, mhakiki asiishie kuuliza iwapo tashtiti inachekesha. Aulize pia: anayechekwa amepewa ubeti wake?