Cha Bure, Cha Huru na Cha Wizi

Siku ya kutetea tasnifu yangu, profesa mmoja, mzee mwenye sauti ya upole (na hao ndio wa kuogopwa), alifungua ukurasa wenye jedwali langu la matokeo akaniuliza: "Hebu tueleze bwana, hii namba hapa imepatikanaje?" Nikajibu bila kusita: "Kompyuta imetoa hivyo, Profesa." Wenzake wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, tukaendelea, na nikafaulu. Jibu lile limenikwama kooni kama mwiba wa samaki mpaka leo.

Programu niliyoitumia ilikuwa ya wizi. Niseme wazi, maana hapa hatufichani. Leseni yake ya mwaka mmoja ilizidi posho yangu ya utafiti mzima, nami niliipata kwenye flashi kwa jamaa mwenye duka la kutoa fotokopi, pamoja na maelekezo ya kuvunja kufuli lake, kwa bei ya sahani ya chipsi mayai. Darasani karibu wote tulikuwa nayo hiyo hiyo. Hakuna aliyejiona mwizi. Hoja zetu tulikuwa nazo: kampuni ni tajiri, sisi walalahoi, elimu ni haki, na kwani nani kapungukiwa? Hoja hizo sizidharau hata sasa. Mwenye njaa akiiba mkate, hakimu naye hufikiri mara mbili. Ila baadaye niligundua kwamba wizi ule ulikuwa na mdhulumiwa wake, na hakuwa yule niliyemdhania.

Utafiti wangu ulihusu mahindi. Wakulima 24, mbegu ya zamani na mbegu mpya, wenye samadi na wasio na samadi, watu sita kila kundi. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Shambani, mbuzi walikula vishamba viwili, mvua ikachukua vingine, mzee mmoja akahamia kwa mwanawe, na mwisho nikabaki na vishamba 17. Ubaya ni kwamba vilivyosalia vilijipanga vibaya: karibu kila mwenye mbegu mpya alikuwa na samadi, na karibu kila mwenye mbegu ya zamani hakuwa nayo. Nikaingiza namba, nikabonyeza. Programu ikasema mbegu ina athari (kwa unywele tu, lakini inayo), samadi haina. Nikaandika hivyo hivyo. Nikarudi kijijini kutoa mrejesho, kama inavyotakiwa.

Mama mmoja, ambaye kila msimu alikuwa akibeba samadi kwa karai kichwani kutoka zizini kwa shemeji yake, aliniuliza: "Kwa hiyo mwanangu, nipumzike?" Nikamwambia: "Samadi haileti tofauti, mama. Weka nguvu kwenye mbegu."

Miaka miwili baadaye nilipata kibarua mahali ambapo hawaruhusu programu za magendo, nikalazimika kujifunza R. Hii ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman, walimu wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na mwaka 1995 ikatolewa kwa leseni ya GNU, yaani mtu yeyote aichukue, aisome ndani, aibadilishe na kumpa mwenziwe. Kwa kujifunza nikarudisha zile namba zangu za mahindi. Nikaanza na samadi, kisha mbegu. Jamani! Samadi ikatoka na athari kubwa, haina mfano.

Nilichofikiri kwanza, nakiri, ni kwamba cha bure ni bure tu. Lugha yetu yenyewe inatushawishi hivyo: mtu bure, kazi bure, maneno bure. Mmarekani Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, amehangaika miaka nenda rudi kuwaeleza watu kwamba anazungumzia uhuru wala si bei, kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili. Sisi tumejaliwa maneno mawili, bure na huru, halafu tunayachanganya kwa hiari yetu.

Nikageuza mpangilio, mbegu kwanza, samadi baadaye. Athari ya samadi ikayeyuka, nikapata yale yale ya tasnifu. Hapo ndipo nilipokaa chini usiku kucha kusoma. Kumbe amri niliyoitumia ya R hupima kwa foleni: anayetangulia huchukua sifa yake pamoja na ile wanayogawana, anayefuata huambulia masalio. Ile ya wizi ilikuwa ikimpima kila mmoja baada ya kumtoa mwenziwe. Vishamba vikiwa sawa kila kundi, njia hizi mbili hujibu kitu kimoja. Mbuzi wakishapita, basi, kila njia inajibu swali lake. Na jibu la kweli la vishamba vyangu 17 lilikuwa kwamba mbegu na samadi zilishikana kiasi kwamba siwezi kusema kipi kilizaa mahindi. Mimi nilikwenda kumwambia mtu mzima "haileti tofauti".

Sasa, haki itendeke. Programu ile ya kulipia haikudanganya. Njia yake inatambulika, na kitabu chake cha maelekezo kinaeleza mambo haya. Lakini mwizi wa flashi hapewi kitabu, wala hana uso wa kupiga simu kuuliza. Niliiba mashine nikaacha maarifa yake dukani. Na R haikuniambia ukweli pia. Ilinipa majibu mawili yanayogombana, na mlango ukiwa wazi nikose kisingizio cha kutoingia.

Najua wako watakaochukulia uwazi kama dawa ya kila ugonjwa. Sikubaliani nao. AFNI, programu ya kuchambua picha za ubongo, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na bado ndani yake lilikaa kosa miaka 15 mpaka liliporekebishwa mwaka 2015. Mlango ulikuwa wazi, wapita njia hawakuchungulia. Kwa upande mwingine, wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa mwaka 2010 makala mashuhuri kuhusu madeni ya serikali, hesabu zake zimefanywa kwa Excel, programu ya kulipia. Thomas Herndon, mwanafunzi tu wa Massachusetts, aliomba faili lao, akapewa, na mwaka 2013 yeye na walimu wake wakaonyesha kwamba nchi tano zilikuwa zimeachwa nje ya wastani. Kilichosaidia pale ni wenyewe kutoa faili. Nakiri hili linanitia aibu kuliko mengine, kwa sababu faili langu mimi hakuna aliyewahi kuliomba, wala sikufikiria kulitoa.

Kwa hiyo swali la yule profesa nalichukulia sasa kama swali la maadili kabisa. Mahakamani, shahidi akisema "niliambiwa", huulizwa na nani, na aliyemwambia aliona nini. Mimi nilisimama mbele ya wazee nikaapa kwa maneno ya sanduku nisilolijua, tena la wizi, na nikayapeleka maneno hayo kwa mtu atakayeyalima. Mzani wa dukani una mkaguzi na muhuri. Mzani wangu niliung'oa muhuri kwa mkono wangu, halafu nikapimia watu.

Mwezi uliopita nilikwenda maktaba ya chuo na karatasi moja ya masahihisho ibandikwe ndani ya tasnifu, pamoja na faili la namba na amri zote nilizotumia. Mkutubi, dada mpole, aliisoma mara mbili. "Kaka, umeshahitimu. Nani amekutuma?" Nikasema hakuna. Akasema hana utaratibu wa kitu kama hicho, niache namba ya simu atauliza wakubwa. Bado hajapiga.

Kwa yule mama sijaenda. Nauli ninayo.