Nyota Halisi wa Mpira wa Kikapu na Kazi Isiyohesabiwa

Katika mazungumzo ya mashabiki wa mpira wa kikapu, neno supastaa hutolewa kwa wepesi mno, kiasi kwamba mchezaji yeyote wa kulipwa anayefunga pointi 30 kwa usiku mmoja, au anayeruka na kuuzamisha mpira mbele ya kamera, huvikwa cheo hicho kabla msimu haujafika nusu. Chanzo cha wepesi huo ni hesabu. Mchezo huu, pengine kuliko michezo mingi ya timu, huandikwa kwa tarakimu: pointi alizofunga mchezaji, asisti, yaani pasi zilizomwezesha mwenzake kufunga, na ribaundi, yaani mpira unaodakwa baada ya kugonga pete au ubao na kurudi. Tarakimu hizo ni za kweli na zina manufaa yake, lakini humwandika aliyeugusa mpira, wala hazimwandiki yule ambaye kuwapo kwake kulimfanya mpinzani asithubutu hata kutupa. Anayetaka kumtambua nyota halisi hana budi kutazama yale ambayo wenzake wanaweza kuyafanya kwa sababu yeye yupo uwanjani.

Ushahidi mkubwa wa jambo hilo ni maisha ya Bill Russell, aliyezaliwa Monroe, Louisiana, mwaka 1934, na kuichezea Boston Celtics kuanzia 1956 hadi 1969 katika nafasi ya senta, yaani mchezaji mrefu anayelinda eneo la karibu na kikapu. Katika misimu 13 alitwaa mara 11 ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, rekodi ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyeifikia, ilhali wastani wake ulikuwa pointi 15.1 kwa mchezo na hakuna msimu hata mmoja ambao wastani huo ulifika 20. Silaha yake kuu ilikuwa bloku, yaani kuuzuia angani mpira uliotupwa kuelekea kikapuni, nayo NBA ilianza kuiweka katika kumbukumbu rasmi msimu wa 1973–74, miaka minne baada ya yeye kustaafu. Kwa hiyo kazi bora ya maisha ya mtu aliyeshinda kuliko wote katika mchezo huo haina hesabu rasmi, na haitakuwa nayo.

Namna alivyoifanya kazi hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Wazuiaji wengi, wa zamani na wa sasa, huupiga mpira kwa kiganja kizima ukaangukia kwenye viti vya watazamaji, na ukumbi mzima ukalipuka kwa shangwe. Lakini kwa kanuni za mchezo, mpira uliotolewa nje na mlinzi hurudi kwa walewale waliokuwa wakishambulia, ambao hujipanga na kujaribu tena. Russell, mtu wa mkono wa kushoto, alisubiri. Alimwacha mshambuliaji aruke kwanza, ndipo naye akaruka, akaugusa mpira kwa ncha za vidole kwa nguvu ya kiasi tu, ukapanda juu na kubaki ndani ya mistari, ambapo yeye mwenyewe au mwenzake aliudaka na kumpelekea mchezaji mwenzao Bob Cousy, ambaye alikwisha kuanza kukimbia upande wa pili. Kufumba na kufumbua, ulinzi ulikuwa umegeuka kikapu, na karatasi ya matokeo ikaandika jina la aliyefunga. Isitoshe, walinzi wenzake walipata ujasiri wa kuwabana wapinzani kwa karibu sana, hata kwa kuhatarisha kupitwa, kwa sababu walijua kwamba nyuma yao yupo mtu. Fundi anayefanya kazi na mwenzake mwaminifu anaijua hali hiyo: mkono huwa mwepesi pale moyo unapokuwa umetulia.

Mpinzani wake mkuu, Wilt Chamberlain, alikuwa mwanamichezo wa ajabu, na si haki kumtaja kwa dharau. Tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, Pennsylvania, alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja, na msimu ule wote alikuwa na wastani wa pointi 50.4; hata hivyo, katika hatua ya mtoano, timu yake ya Philadelphia Warriors ilitolewa na Celtics katika mchezo wa saba kwa tofauti ya pointi mbili. La kuzingatia zaidi ni kwamba Chamberlain mwenyewe alibadilika. Ubingwa wake wa kwanza, wa 1967, aliupata katika msimu ambao wastani wake wa pointi ulishuka hadi 24.1 huku asisti zake zikipanda hadi 7.8, idadi kubwa mno kwa senta. Hakupungua kipaji. Alikigawa.

Huenda msomaji akauliza vipi basi kuhusu Michael Jordan, mfungaji mashuhuri wa zama zake na ambaye ukubwa wake haupingiki. Jibu limo katika safari yake mwenyewe, kwani katika msimu wa 1986–87 alikuwa na wastani wa pointi 37.1 na Chicago Bulls ikatolewa katika raundi ya kwanza bila kushinda hata mchezo mmoja, ilhali ubingwa ulikuja 1991, msimu wake wa saba, na katika dakika za mwisho za mchezo wa kuuamua ubingwa huo mpira ulimfikia mara kwa mara John Paxson, mtupaji aliyekuwa ameachwa peke yake kwa sababu walinzi walikuwa wamemzunguka Jordan.

Mwaka 1969, Celtics iliyokwisha kuzeeka ilikwenda Los Angeles kwa mchezo wa saba wa fainali, na mmiliki wa Lakers, timu mwenyeji, alikuwa ameagiza maelfu ya maputo yafungwe darini, yakisubiri kuachiwa baada ya ushindi. Russell alikuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, kazi aliyopewa 1966 na iliyomfanya kuwa Mweusi wa kwanza kuifundisha timu ya NBA. Alifunga pointi 6 tu, akadaka ribaundi 21, na Boston ikashinda kwa 108 dhidi ya 106. Maputo yalibaki darini. Tuzo ya mchezaji bora wa fainali, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka huo, alipewa Jerry West wa Lakers, upande ulioshindwa, na kwa hakika aliistahili. Tangu 2009 tuzo hiyohiyo huitwa kwa jina la Bill Russell, ambaye hakuipata kamwe.

Russell hakuwa kipenzi cha wote, wala hakutafuta kuwa. Alikataa kuwatilia mashabiki saini, na Oktoba 1961, wachezaji Weusi wa Celtics waliponyimwa huduma katika mkahawa wa hoteli mjini Lexington, Kentucky, yeye na wenzake walikataa kucheza mchezo wa maonyesho uliopangwa na wakaondoka mjini humo. Hapa pia alifanya kile alichokuwa akikifanya uwanjani, yaani kusimama mahali ambapo mwingine angepitwa.

Kwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki na Kati, mfano ulio karibu zaidi ni Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekwenda Chuo Kikuu cha Georgetown akikusudia kuwa daktari na akaishia kuwa mlinzi bora wa NBA mara nne. Katika misimu 18 wastani wake haukufika pointi 10, lakini aliacha bloku 3,289, idadi inayozidiwa na ya Mnigeria Hakeem Olajuwon peke yake. Wengi humkumbuka kwa kidole alichokitikisa kuwakataza wapinzani. Afadhali akumbukwe alivyokuwa Mei 1994, amelala chali sakafuni huku ameushika mpira juu ya uso wake kwa mikono miwili, akicheka kwa furaha, baada ya timu yake ya Denver Nuggets, iliyoingia mtoano katika nafasi ya nane, kuitoa Seattle, iliyoshika nafasi ya kwanza.

Ukarimu wa mchezaji tajiri si kitu cha nadra, na peke yake haumfanyi mtu kuwa nyota. Ila mama yake Mutombo alifariki katika miaka ya 1990, wakati machafuko ya Kinshasa yalipozuia asifikishwe hospitalini, na mwanawe akatoa takriban dola milioni 15 za mfukoni mwake kusaidia kujenga hospitali ya vitanda 300 katika jiji hilohilo, iliyoanza kupokea wagonjwa 2007, yeye akiwa bado analinda kikapu cha Houston Rockets. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024, bila kuwahi kutwaa ubingwa wa NBA. Hospitali ile inaitwa Biamba Marie Mutombo, jina la mama.