Rangi ya Mraba

Anayeifungua tovuti ya GBIF, hazina ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe iliyoasisiwa mwaka 2001 na yenye makao yake Copenhagen, huweza kuiona Tanzania imegawanywa miraba, na kila mraba umetiwa rangi kwa kadiri ya kumbukumbu zilizokusanywa humo. Penye nyingi rangi hukolea, penye chache hufifia, pasipo na kitu hubaki wazi. Manufaa ya chombo hiki hayana shaka, kwani humwonyesha mtafiti, kwa kutupa jicho mara moja, wapi kumechunguzwa na wapi bado. Hata hivyo liko swali la maadili ambalo chombo hakiwezi kulijibu: mraba uliojaa rangi unashuhudia nini?

Natutazame Karatu na Ngorongoro. Atlasi ya Ndege wa Tanzania hutumia miraba ya nusu digrii, ambayo kila ubavu wake hukaribia kilomita 55. Mraba ulio kati ya latitudo 3 na 3.5 kusini, na longitudo 35.5 na 36 mashariki, huuweka mji wa Karatu pamoja na sehemu kubwa ya kreta ya Ngorongoro. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 3,000. Kreta nzima ina kama 260 tu, isiyofika hata sehemu moja ya kumi. Lakini ni huko kreta ndiko magari ya watalii yanakoshuka kila siku na kamera zao. Heroe mmoja wa ziwani huweza kupigwa picha na watu ishirini asubuhi moja, ilhali ndege wa mashamba ya mahindi na mbaazi ya Wairaqw akapita msimu mzima asiandikwe. Mraba ukishakolea, Karatu nayo huhesabiwa kuwa imejulikana. Imevikwa kanzu ya jirani.

Atatokea wa kusema: basi miraba ipunguzwe. Ni kweli kwamba ukitumia robo digrii, mji wa Karatu na kitovu cha kreta hutengana. Ila dawa hiyo huzaa maradhi mengine, kwa kuwa miraba mitupu huongezeka, na utupu una maana mbili: ama palitazamwa kisionekane kitu, ama hapakutazamwa kabisa. Oscar Baumann, Mwaustria, alipofika Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta Wamaasai. Weupe uliokuwa katika ramani za Ulaya ulikuwa habari za Ulaya yenyewe.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Hifadhi ya Ngorongoro, yenye kilomita za mraba 8,292, iliundwa mwaka 1959 ili wanyamapori na wafugaji waishi pamoja. Tangu hapo pamekuwa na mabishano juu ya watu wangapi na mifugo mingapi ardhi hiyo inaweza kubeba, na tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Katika mabishano yanayogusa makazi ya watu, hesabu na ramani huja mezani zikiwa na heshima ya shahidi asiye na upande. Shahidi huyo naye aulizwe, kama mashahidi wote: nani alitazama, lini, akiwa amesimama wapi, na ni nani hakuulizwa?

Sisi watunzi wa mashairi tunaujua mtego huu. Mshororo huweza kutimiza mizani 16, vina vyake vikalingana, na bado usiwe na neno ndani yake. Mizani ni kipimo cha haki, lakini hupima umbo. Vivyo hivyo mraba hupima wingi wa kumbukumbu. Anayeutumia kuamua hatima ya shamba au malisho, huku akijua kwamba aliyetazama hakuvuka ukingo wa kreta, amebeba dhima ya kulisema hilo kwa sauti kabla ya uamuzi kupita.