Nani Atajibu?

Ugonjwa hauponi kwa kutajwa jina tu. Lakini mara nyingi hauwezi kuponywa mpaka jina lake la kweli lijulikane. Sisi wa Afrika ya Mashariki twapaswa kulijua jambo hili kuliko wengine, maana lilidhihirika kwetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto mdogo aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuelewa ni ugonjwa gani. Muda si mrefu akamwona mtoto mwingine wa hali ile ile huko Jinja. Mwaka 1958 aliandika habari za watoto wa namna hiyo, na mwaka 1961 alifunga safari ya gari ya majuma kumi pamoja na wenzake wawili, akipita hospitali baada ya hospitali na kuuliza: je, watoto wa namna hii mnao?

Kumbe ugonjwa ulikuwa mmoja, nao hapo kwanza ulipewa majina mengi. Ulikuwa limfoma, yaani saratani ya chembe za damu zilizo mitoki na tezi. Kisu cha mpasuaji kilifaa kidogo sana. Lakini dawa zilipojaribiwa, uvimbe mkubwa uliweza kunywea kwa siku chache. Basi jina lilipobadilika, tiba nayo ilibadilika, na watoto waliodhaniwa kuwa wa kufa wakaanza kupona.

Tumeikumbusha habari hii kwa sababu siku hizi kazi ya kutaja jina la ugonjwa imeanza kutafutiwa mtumishi mpya. Wataalamu wanaifundisha kompyuta kusoma picha za MRI za kichwa na shingo, na kusema uvimbe unaoonekana ni saratani ya aina gani. Mashine ya MRI haitumii eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu nyingi na mawimbi ya redio, na picha yake hutokana hasa na maji yaliyomo mwilini. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi yao juu ya picha hizo.

Faida yake si ndogo. Nyuma ya pua, juu ya koo, huweza kuota saratani za namna mbalimbali ambazo kwa macho hufanana. Moja ni karsinoma, ambayo tegemeo lake kubwa ni mionzi; nyingine ni limfoma, ambayo tegemeo lake kubwa ni dawa. Katika limfoma chembe husongamana sana, hata maji hayapati nafasi ya kutembea kati yake, na MRI yaweza kuupima mwendo huo wa maji. Kompyuta hulinganisha vipimo hivyo pamoja na alama nyingine nyingi ambazo jicho la mtu halizioni, wala haichoki jioni ikifika. Katika nchi ambazo wataalamu wa kupima nyama kwa hadubini ni wachache, na majibu huchelewa, nani atakidharau chombo cha namna hiyo?

Lakini hapa pana swali, nalo si la mafundi peke yao. Je, ni haki kumwachia asiye mtu kazi ya kulitaja jina ambalo kwalo mtu atakatwa, ataunguzwa kwa mionzi, au atarudishwa nyumbani?

Wako wasemao: mashine ikikosea mara chache kuliko daktari, kuikataa ni kuwaonea wagonjwa. Neno hili lina ukweli, wala hatutalikwepa. Mwenye kuacha msaada ulio mkononi mwake kwa kiburi au kwa woga, naye ana hatia. Hatusemi basi kwamba kompyuta ifukuzwe hospitalini, la hasha. Twasema kwamba kutambua ni jambo moja, na kujibu ni jambo jingine.

Kompyuta hujifunza kwa picha za wagonjwa waliotangulia, ambao majina ya magonjwa yao yamekwisha julikana. Ikiwa picha hizo zatoka katika hospitali za mbali, itawajua watu wa huko. Tena mwanga na giza la picha za MRI hutofautiana mashine na mashine, kwa hiyo iliyofuzu katika hospitali moja yaweza kujikwaa katika nyingine. Na ikiletewa ugonjwa ambao haikufundishwa, mara nyingi itautia katika mojawapo ya majina inayoyajua. Limfoma ile ya taya ni ya watoto wa kwetu zaidi kuliko wa Ulaya. Je, kompyuta iliyofundishwa Ulaya itamwitaje mtoto wetu?

Mtu atasema kwamba madaktari nao waliutaja vibaya ugonjwa ule kwa miaka mingi. Ni kweli. Lakini mmoja wao alifadhaika. Alikiri kwamba hajui, akaulizia kwa wenzake, akasafiri. Moyo ule wa kutoridhika na jibu jepesi ndio uliowaokoa watoto. Mashine haifadhaiki. Itasema, labda, kwamba katika picha mia za namna hii tisini ni karsinoma. Lakini mgonjwa aliye mbele ya daktari si mia, ni mmoja, naye yawezekana ni katika wale kumi. Sharti awepo mtu wa kumwangalia huyo mmoja, na wa kuulizwa na mama yake: kwa nini?

Kwa hiyo twaona mambo haya ni ya lazima. Neno la kompyuta lisichukue mahali pa kipande cha nyama kinachotazamwa kwa hadubini, maana hicho hata leo ndicho kithibitisho cha saratani. Daktari anayelipokea neno hilo atie sahihi yake mwenyewe, wala asijifiche nyuma ya mashine siku ya lawama. Mgonjwa naye aambiwe ni nini kilichotumika. Na picha za wagonjwa wetu, kwa ridhaa yao, ziwemo katika yale yanayofundishiwa, ili watu wetu wasiwe wageni machoni pa chombo kinachowapima.

Nasi wa nyumbani tuna wajibu wetu. Uvimbe wa shingo, kidonda cha mdomoni kisichopona, au sauti iliyokauka, vikipita majuma matatu, visifichwe wala visingoje dawa ya jirani. Hakuna mashine wala daktari awezaye kulitaja jina la ugonjwa ambao hakuletewa. Na tukiletewa jibu, tusione haya kuuliza limetoka wapi na nani amelithibitisha. Mashine na itusaidie kuona. Lakini mtu aliyemtibu mtu ndiye atakayejibu.