Mshipa wa Einstein

Ukisikia watu wakisimulia kifo cha Albert Einstein, utasikia habari za ubongo. Alifariki saa saba na robo usiku, tarehe 18 Aprili 1955, katika Hospitali ya Princeton huko Marekani, akiwa na umri wa miaka 76. Saa chache baadaye Dkt. Thomas Harvey, aliyefanya uchunguzi wa maiti, aliutoa ubongo na kuuhifadhi. Kwa miaka mingi tangu hapo watafiti wamekuwa wakivikodolea macho vipande vyake, wakitafuta siri ya akili nyingi. Lakini ubongo ule haukuwa na kosa lolote katika kifo hicho. Aliyeua alikuwa chini zaidi, tumboni: aota, mshipa mkuu wa damu, ilikuwa imepasuka.

Mkasa wenyewe ulianza miaka mingi kabla. Einstein alikuwa akisumbuliwa na maumivu ya tumbo yaliyokuja na kuondoka. Desemba 1948 daktari wa upasuaji Rudolph Nissen, Mjerumani mwenzake aliyekimbia utawala wa Hitler, alimfungua tumbo mjini New York. Alikuta aota imevimba kufikia ukubwa wa balungi. Kwa mtu mzima mshipa huo, ukishapita kwenye figo, huwa na upana wa sentimita 2 hivi; ukifika 3 tayari ni ugonjwa, unaoitwa aneurizimu.

Nissen angefanya nini? Mwaka ule hakuna aliyekuwa amewahi kukata kipande kibovu cha aota ya tumbo na kupandikiza kingine, mgonjwa akapona. Charles Dubost angefanikiwa kufanya hivyo Paris mwaka 1951. Basi Nissen akauvika uvimbe karatasi ya selofeni, aina ileile inayofungia peremende. Selofeni huwasha tishu, na tishu ikiwashwa hujenga kovu. Kovu lile gumu ndilo lililotarajiwa kuushikilia mshipa usipanuke. Mgonjwa aliishi miaka sita na ushei. Kwa zana za wakati ule, hiyo ni kazi ya kupongezwa.

Hata hivyo kovu lilikuwa nje, na ubovu ulikuwa ndani ya ukuta. Hapa ndipo penye somo, maana wengi hudhani mshipa huvimba kwa kusukumwa na presha tu. Ukuta wa aota una tabaka tatu. La kati ndilo lenye kazi kubwa: limepangwa nyuzi za elastini zinazouwezesha mshipa kutanuka kila moyo unapopiga na kisha kurudi ulivyokuwa, na katikati ya nyuzi hizo zimo seli za misuli laini zinazoutunza ukuta. Mwili hutengeneza elastini utotoni na ujanani. Baada ya hapo hautengenezi tena ya maana. Uliyopewa ndiyo utakayozeeka nayo. Na kipande cha aota kilicho chini ya figo kina matabaka machache ya elastini kuliko kile cha kifuani, ndiyo maana uvimbe hupenda kukaa hapo.

Ukitazama ukuta mgonjwa kwa hadubini, unaona uharibifu uliochukua miaka. Chembe nyeupe za damu zimejazana mahali pasipo pao. Chembe hizo humwaga vimeng'enya vinavyokatakata elastini, na baadaye kolajeni, uzi mgumu ambao ndio unaobeba mzigo elastini ikishakwisha. Seli za misuli laini zimekufa moja baada ya nyingine, kwa hiyo hakuna wa kukarabati. Tabaka la kati limebaki jembamba, limelegea kama mpira wa kiunoni uliofuliwa mno. Na kadiri mshipa unavyopanuka ndivyo ukuta wake unavyobeba mvutano mkubwa zaidi hata kama presha haijapanda, kwa hiyo uvimbe hujiongezea kasi wenyewe.

Kuna na hila nyingine. Ndani ya uvimbe damu huganda na kujipaka ukutani, safu juu ya safu, huku njia ya katikati ikibaki na upana wa kawaida. Zamani picha za eksirei zilizofuata njia ya damu peke yake ziliweza kuonyesha mshipa usio na neno. Bonge hilo la damu mtu angelidhani kinga, kumbe huunyima ukuta hewa ya oksijeni na kuhifadhi vimeng'enya vilevile vinavyoula.

Nini huanzisha yote haya? Uzee, jinsia ya kiume, presha na damu ya ukoo vina sehemu yao. Lakini katika yale ambayo mtu anaweza kuyaepuka, hakuna linaloikaribia tumbaku. (Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba wenye kisukari huupata mara chache kuliko wengine.) Einstein na kiko chake walikuwa kitu kimoja, hata daktari alipomkataza tumbaku, hakuachana nayo kabisa. Siwezi kusema kiko ndicho kilichomuua, na hakuna anayeweza kusema hivyo juu ya mtu mmoja. Ila watu wameuchambua ubongo wake kipande kwa kipande, na kiko wamekiweka kwenye jumba la makumbusho kama pambo.

Aprili 1955 maumivu yalirudi, na yalifanana na ya mfuko wa nyongo. Madaktari leo huyaita maumivu ya namna hiyo dalili ya Einstein, ili wakumbuke kutodanganywa nayo. Ukuta ulikuwa umeanza kuvuja. Daktari wa upasuaji Frank Glenn aliitwa kutoka New York, na sasa upasuaji wa kubadilisha mshipa ulikuwa umeanza kufanyika. Einstein aliukataa, alisema amemaliza kazi yake. Wapo wanaomlaumu. Mimi simlaumu: kwa mzee wa miaka 76, mwaka ule, kisu kilikuwa bahati nasibu.

Leo hali si hiyo. Uvimbe wa sentimita 5.5 kwa mwanamume, au 5 kwa mwanamke, hurekebishwa kabla haujapasuka, mara nyingi kwa kupitisha bomba jembamba kwenye mshipa wa paja bila kufungua tumbo. Ukishapasuka, wengi hufa kabla ya kufika hospitali. Kuugundua hakuhitaji zaidi ya altrasaundi ya dakika chache, isiyouma. Basi kama baba yako amevuka miaka 65 na amewahi kuvuta sigara au kiko, hata kama aliacha zamani, siku atakapolala kitandani kupimwa tezi dume kwa altrasaundi, mwombe mpimaji apandishe mkono kidogo amtazame na aota.